Mkono wa Kushoto wa Cherehani

Nyumbani, kwenye meza ya kukatia nguo
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Dada, mwanao ameingia fainali! Fainali, nakwambia, ile yenyewe ya mwisho, ambayo mbele yake hakuna nyingine!

Haya, sasa nimepumua. Mpendwa dada yangu, shikamoo. Hujambo huko? Shemeji hajambo, ile miguu yake imeacha kuvimba? Na mkono wako je, baridi ya huko inauachaje? Sisi huku wazima. Baba watoto bado anachomelea mageti na kunung'unika, mimi bado nashona. Habari ya mkono wako nitairudia huko chini, usinichoke.

Najua utauliza fainali ya nini. Ni ule mchezo wa kompyuta wa kupigana, uliotolewa kwenye zile katuni za Kijapani, anime wenyewe wanaziita, ambazo nilikuwa namzimia televisheni asizitazame. Kumbe nilikuwa nazima riziki!

Wapiganaji wake ni wa kuchorwa, bapa kabisa, kama vile vipande vya karatasi ninavyokatia magauni. Wanasimama wawili, wanatazamana, kila mmoja na mstari wa uhai wake juu ya kioo. Ukipigwa, mstari unapungua. Kuruka wanaruka, kuinama wanainama, lakini safari yao ni mbele au nyuma tu. Kupisha hawawezi, maana pembeni hakupo. Jambo hilo silipendi, dada. Kila nikitazama natamani mmoja ampishe mwenzake, wakaishi.

Mwanao anachezesha binti mmoja mwenye mikono ya makaa. Kwenye katuni, kila akiiwasha mikono ile anajiunguza mwenyewe, na sehemu ya mwisho anakufa. Nililia mimi, mtu mzima. Kwenye mchezo ni hivyo hivyo, pigo lake kubwa linakula uhai wake kabla halijamgusa adui. Nikamwambia, "Wapo tele, chukua mwingine." Akanijibu, "Mama, wengine hawapigi hivi."

Lakini ungemwona kwenye nusu fainali! Ukumbi ni ule wa juu ya duka la vifaa vya umeme, watu wamebanana hadi kwenye ngazi. Unajua wamempa jina gani? Cherehani. Vidole vyake kwenye vile vitufe vinakwenda kama sindano yangu. Mtangazaji anapaza sauti, "Cherehani anashona! Cherehani anadarizi! Jamani, mwenye shati lililochanika alete!" Mpiga picha mmoja akanisukuma, nikamwambia, "Kijana, angalia unamsukuma nani. Cherehani hiyo nimeizaa mimi." Akaniomba radhi, akanipiga picha. Nimependeza, utaiona.

Sasa kaa chini. Alinikataza nisikwambie, ndiyo maana nakwambia.

Wiki iliyopita alikuwa ananisaidia kupiga pasi. Mimi nimeinamia pindo langu, nikasikia harufu, nikadhani ni kitambaa. Kunyanyua kichwa, namwona anaongea na simu, anacheka, na kidole chake cha kushoto kimelala kwenye bamba la pasi. Mimi nilisikia harufu kabla yeye hajasikia maumivu. Nikapiga yowe. Akakitazama kile kidole kama cha mtu mwingine, akasema, "Haikuuma, mama."

Unajua nilimkumbuka nani. Siku ile ulipojishona kidole ukaendelea kukanyaga cherehani, mpaka mteja ndiye aliyeona damu kwenye gauni jeupe. Nawe ulisema haikuuma.

Na meza ni ile ile, dada. Mkono ulipokukatalia ukaacha kazi, uliniachia, nami nikampa yeye aweke kompyuta yake, nikajigamba kwa majirani kwamba meza ya mama yake mkubwa imepata bahati. Juzi nikakaa kwenye kiti chake, nikaweka mikono anavyoweka. Ukingo unakata pale pale ulipokukata wewe, kwenye kifundo cha mkono. Nikamwambia baba watoto aitoe nje. Akaitoa. Kurudi kutoka sokoni naikuta imerudi mahali pake, na mwanao ameiinamia anabofya. "Nimeshauzoea urefu wake, mama. Siwezi kubadili meza kabla ya fainali Jumamosi."

Daktari tumekwenda. Amesema mshipa umebanwa. Akiupumzisha tangu sasa utarudi, akiendelea kuutesa yeye haahidi kitu. Mkono huo ndio unaofungua simu mbovu za watu pale kibandani kwake, na visukurubu vyenyewe vidogo kama chawa. Nikamuuliza, "Utakula nini?" Akasema atakayeshinda atakwenda kucheza ng'ambo, huko watamtibu. Kila neno analijibu. Kanirithi mimi huyo.

Lililoninyima raha zaidi ni hili. Atakayecheza naye ni kinyozi wa mtaa wa pili, kijana mpole, mikono yake haina haraka. Siku ya nusu fainali watu wote walitazama kioo. Yeye alisimama kando ya mwanao akatazama mkono. Mchezo mzima, mkono tu.

Alhamisi akaja hapa nyumbani na suruali nimpunguzie urefu, ya kuvaa siku ya fainali. "Shikamoo, Mama Cherehani."

"Marahaba. Una ujasiri, kuja kwangu kwenye mkasi."

Akacheka. "Mama, ule wa kushoto umepungua kasi kidogo, au ni macho yangu?"

"Ni macho yako, ukayapime."

"Basi sawa," akasema, taratibu, kama ananinyoa. "Mimi Jumamosi sina haraka. Nitarudi nyuma, nitajikinga, nitamngoja achoke. Mwambie apumzike, mama. Kweli nakwambia."

Mpaka leo sijui alikuwa ananitisha au ananionea huruma. Suruali yake nimeimaliza.

Sitakuficha, nami nataka ashinde. Nimejishonea gauni la kukaa mstari wa mbele, mgongoni lina marinda ambayo hujapata kuyaona. Yeye nimemshonea koti. Aliniomba mkono wa kushoto uwe mrefu ufike kwenye vidole, nikaushona bila kuuliza. Sasa koti linaning'inia kwenye msumari, suruali ya kinyozi msumari wa pili, vimetazamana. Kila nikiinua kichwa naviona, nami ndiye niliyevishona vyote viwili.

Mimi hanisikii, ananiona mwoga. Baba yake anasema ni mtu mzima, ataamua. Wewe hajapata kukubishia tangu azaliwe. Basi njoo, na usimhubirie. Kaa naye kwenye ile meza yako, umwombe akufungie vifungo vya blauzi, kama ninavyokufungia mimi ukija. Avifunge kimoja kimoja, mpaka cha juu. Halafu aamue mwenyewe, nami nitakubali atakaloamua, liwe la kucheza nami nikae mstari wa mbele, au la kuacha nami nilivue gauni langu.

Nisalimie shemeji, mwambie aiweke miguu juu ya mto. Nisalimie kitinda mimba wako na yule mkwe wako mcheshi. Mungu awafunike nyote, na akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata unaponikaripia,
Mama Cherehani

Shemeji na watoto viti nimewawekea, tunawangoja Jumamosi. Wewe njoo Ijumaa.