Mwanangu Hajala Sandwichi Yangu Miaka Mitatu

Mpendwa Bibi Assunta, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo siku ya kupeleka fomu, na fomu nimeshaijaza, imebaki sahihi tu.

Nina mtoto mmoja, Darcy, ana miaka tisa, anasoma hapa hapa shule ya msingi niliyosoma mimi na marehemu baba yangu, na kila siku ya shule naamka saa kumi na moja namtengenezea sandwichi ya siagi na Vegemite, ule mpako mweusi wa chumvi wa kichupa, nakata kingo kwa sababu hapendi kingo, sasa wiki iliyopita mama wa kantini aliugua nikamshikia zamu, na saa ya chakula nikaona kwa macho yangu Darcy anafungua kikopo chake cha chakula, hata hakitazami, anamsukumia rafiki yake Ehsan, mtoto wa wale Waafghani wa kiwanda cha machungwa, na Ehsan naye anamsukumia bolani ya mama yake, ile chapati ya viazi na majani ya vitunguu, bila neno, kama askari wanaobadilishana zamu. Nikamuuliza, "Darcy, tangu lini?" Akasema, "Tangu darasa la kwanza, mama," kisha, mdomo umejaa, "Ehsan anasema yako tamu, ila ungezidisha siagi."

Bibi, nililia nyuma ya friji. Hapo ndipo nikaanza kuangalia, darasa lina watoto kumi na tisa na kumi na mmoja ni wageni, Waafghani, Wapunjabi, Watonga, kwenye picha ya darasa kichwa cha Darcy na nywele zake nyekundu ni kama nyanya kwenye dengu, nyumbani siku hizi ananiita "madar" kama Ehsan anavyomwita mamake, nikajiambia mtoto anachukuliwa hivi hivi naona. Nikamwambia mwalimu mkuu namhamishia mji wa jirani, dakika arobaini kwa basi, kwa sababu kule wana bwawa la kuogelea. Nilidanganya. Darcy anaogopa hata maji ya kuoshea nywele. Tangu ajue, amefungasha pajama na gongo la kriketi, anasema nikisaini anahamia kwa kina Ehsan. Mume wangu Craig anasema tu, "Rae, mtoto ameshiba, shida iko wapi?"

Nisaini, nisisaini? Tafadhali usitaje jina langu gazetini.

Raelene Coutts

*

Raelene,

Nisitaje jina? Mwanangu, mji huu una barabara nne na Darcy mmoja. Tusipoteze muda.

Kwanza pole, na nasema kweli. Mama ameamka alfajiri, amekata kingo, halafu anakuta mkate unaliwa na mwingine. Anayekucheka hajawahi kumpikia mtu. Umelia, vizuri. Sasa futa makamasi unisikilize.

Huo ni wivu wa chapati. Usiubandike jina la bwawa.

Eti wageni wameijaza shule! Miaka sita iliyopita ilibaki na watoto kumi na wanne, akaja bwana mmoja wa serikali, tai shingoni, na karatasi ya kuifunga. Nani aliijaza? Wewe na Craig mlileta mmoja! Masuma, mamake Ehsan, kaleta wanne, na wa tano yuko njiani. Ukimtoa wako leo, mwingine akamtoa wake kesho, yule bwana wa tai karatasi bado anayo.

Mimi darasa sijalikanyaga. Haya anaandika mjukuu wangu Daniela, na sasa hivi amekunja uso, anataka nipunguze ukali. Sipunguzi. Nilishuka melini kutoka kwetu Calabria, ng'ambo ya bahari, na mwanangu Rocco akiwa mdogo, nikampeleka shule hiyo hiyo. Kila asubuhi namfungia mkate wa soseji ya pilipili na biringanya za mafuta. Wenzake wakaziba pua: "We Rocco, leo umebeba soksi za nani?" Mmoja wao alikuwa babako, Mungu amrehemu. Ukubwani alikuja kuomba radhi, akala biringanya hizo hizo hadi akapangusa sufuria.

Rocco hakuniambia kitu. Anautupa mkate kwenye mfereji wa mashambani, anarudi na njaa, ananiambia, "Mama, leo ulikuwa mtamu." Miaka miwili! Nilijua siku niliyopita pale nikaona bata wamenenepa hadi kuruka hawawezi. Nilikaa ukingoni nikawatazama, nikaelewa.

Kwa hiyo, chana fomu. Mwambie mwalimu mkuu ukweli wa bwawa. Atacheka, na maskini anahitaji kucheka. Jumamosi nenda kwa Masuma. Usibebe soseji za nguruwe, kichwa kigumu we! Beba mkate, siagi na kile kichupa chako cheusi. Naye hajui nani anakula bolani zake, naye atataka kulia nyuma ya friji yake. Mlie pamoja, halafu akufundishe kukunja bolani. Darcy akikuita "madar", itika. Ni wewe anayekuita.

Mkate wangu ulinenepesha bata, Raelene. Wako umemkuza mtoto wa watu miaka mitatu, na jina lake unalijua. Kesho amka saa kumi na moja kama kawaida, na zidisha siagi.