Jina la Bibi Somoe Katika Makala Yako

Salma mwanangu,

Watu wengi hukosea hapa: hudhani wizi wa maandishi ni kunakili neno kwa neno, basi. Hudhani ukibadilisha maneno mawili matatu umesalimika.

Najua ungesema nini. "Mjomba ameanza, leteni viti." Niache nieleze. Tangu tukuzike Ruponda sina kingine ninachokiweza. Sijalia bado. Nakunywa chai, kisha nasahau kama nimekunywa.

Baada ya arobaini yako, jarida la utafiti ulilolipelekea makala yetu liliniandikia huku Ruangwa, kwa kuwa jina langu lilifuata lako. Mhariri alisema aya yako ya kuhifadhi mbegu za kunde inafanana mno na aya ya mtafiti mwingine, iliyochapishwa kabla. Aliomba maelezo. Niliona jina lako karibu na neno "wizi" na sikuhisi chochote. Nikaenda kuwawekea kuku maji.

Jarida halimhukumu mtu kwa kompyuta, mwanangu. Kompyuta hupaka rangi palipofanana tu. Mtu ndiye husoma na kuuliza: maneno haya, au wazo hili, au takwimu hizi, ni za nani, na mwandishi amesema ni za nani? Hata maneno yako mwenyewe uliyokwisha kuyachapisha, ukiyarudia bila kusema, utaulizwa. Mwandishi hupewa nafasi ya kujibu. Maelezo yasiporidhisha, au asipojibu, makala inaweza kukataliwa na chuo chake kikaandikiwa. Kama ilishatoka, huweza kuondolewa kwa tangazo, na tangazo hilo hubaki na jina lake.

Wewe usingeweza kujibu. Hilo ndilo lililoninyanyua kitini.

Nikapanda basi hadi Nachingwea, kisha bodaboda hadi Ruponda kwa Bibi Somoe, yule aliyekufundisha mambo ya mbegu. Nilipomuuliza, alianza kama anavyowaanzia wasichana wote: "Ianike mpaka ilie jinoni ukiiuma. Ikinyamaza, ina maji bado." Akaenda hivyo hadi mwisho. Ilikuwa aya yako. Ilikuwa pia aya ya yule mtafiti.

Hukumwibia, naye hakukuibia. Bibi hufundisha kwa kukaririsha, ukikosea neno moja anakwambia, "Rudi mwanzo, umeruka." Nyote wawili mlijifunza kwake, mkaandika alivyosema, kisha mkatanguliza "wenyeji husema". Naelewa kwa nini. Huku kwetu neno la mkubwa ni la wote, na kulitaja jina lake ovyo ni kukosa adabu. Jarida halina adabu hiyo. Kwao heshima ni kumtaja.

Nikamwomba ruhusa ya kuliandika jina lake. "Andika," akasema. "Na bibi yangu Atuke umwandike, ndiye aliyenikaririsha. Asije akaniita mwizi nikimkuta huko ahera." Akacheka peke yake. Halafu akasema, "Yule binti yako hakuruka hata neno."

Nilidhani nitalia hapo. Hakikuja kitu. Nikaaga.

Nilimwandikia mhariri yote, naye amejibu. Haoni wizi, anaona chanzo kisichotajwa. Tuweke alama za kunukuu, tutaje majina ya Bibi Somoe na Bibi Atuke, na makala itatoka. Nimeshafanya. Yule mtafiti mwingine naye ataandikiwa arekebishe yake.

Ikitoka nitaipeleka Ruponda, nimsomee Bibi yote, hata kama ataniambia nimeruka. Kisha nitapita kaburini kwako. Sijui nitasema nini huko. Labda nitakaa tu.

Jina lako ni safi, Salma. Pumzika, mwanangu. Mungu akulaze pema.

Barua hii nawapa wanafunzi uliowaacha chuoni waisome. Nanyi, wanangu, fungueni kazi zenu leo, mwandike jina la mtu aliyewaambia mliyoyaandika.

Mjomba wako