Mechi Sitini na Sita

Harlan Falls, Ontario
6 Mei 1984

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limekuachia sasa ambapo ardhi imekauka na ngano inasubiri kupandwa. Kifua cha Mama kinaendeleaje? Dada Daria aliniandikia kuwa alikohoa tangu Krismasi hadi Pasaka, na kwamba amegoma kwenda kwa daktari kwa kuwa machoni pake daktari mwenyewe ni mtoto mdogo. Tafadhali mshawishini aende. Mimi mwili wangu ni mzima. Mjane Pruitt, mwenye nyumba yangu, ananilisha vizuri, ingawa maandazi ya viazi ya Mama hakuna anayeyaweza huku.

Barua yako ya wiki ya Pasaka niliipata, pamoja na kile kipande cha gazeti chenye picha yangu. Daria naye amenieleza mengine: kwamba kingine umekibandika ukutani pale dukani kwa ushirika, na kwamba kila asubuhi kwenye kahawa mnamjadili Kocha Stokke. Ameniambia pia kwamba umemwandikia mwenye timu, ukamwambia kocha wake ni mjinga aliyemficha mwanao benchini mwaka mzima kama jembe jipya ghalani. Baba, nimeyasoma hayo mara nyingi. Nimeanza kukujibu mara nne, na mara nne nimechana karatasi. Leo ni Jumapili, nimetoka kanisani, na nimejiapiza sitainuka hapa mezani kabla ya kumaliza.

Unamkumbuka Réal Gauvreau, kipa wetu wa kwanza. Ulimsalimu mwaka jana ulipokuja, ukasema mikono yake ni mikubwa kama makoleo. Ana miaka ishirini na tisa, ametoka Quebec, na mkewe anaitwa Solange. Wana binti wa miaka mitatu. Nilipofika katika timu hii ya magongo ya barafuni sikujua mtu, naye ndiye aliyenipa kiti karibu naye kwenye basi. Aliniita Mkulima. Alikuwa akisema, "Mkulima, wewe umezoea kutazama ngano ikikua, ndiyo maana kisahani cha raba kinakupita. Hiki hakikui, bwana, hiki kinakimbia."

Msimu wetu una mechi sabini na mbili kabla ya mchujo. Mimi nilicheza sita, zote kabla ya Krismasi. Réal alicheza sitini na sita. Wewe uliyelima maisha yako yote unajua trekta linalofanya kazi bila kupumzishwa huanza kulia wapi. Kwake kulianza kulia Januari. Tulikuwa na wiki za mechi tatu kwa siku tatu, na kati ya mji na mji ni saa tisa za basi. Alikuwa akilala ameketi, kwa sababu akijilaza nyonga ya kulia ilimkataa. Februari suruali yake ilishikwa na kamba. Wendell, mzee anayetukanda misuli, alimpima akakuta amepungua kilo saba. Mazoezini alianza kuegemea mlingoti wa goli kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe. Tukimuuliza, anacheka. "Nitalala mwezi wa Juni," anasema. "Juni yote. Solange ameshaambiwa asiniamshe."

Tukaingia mchujo. Raundi ya kwanza ilikwenda mechi zote saba, tatu kati ya hizo zikiwa na muda wa nyongeza. Tulishinda, lakini kila baada ya mechi Wendell na mimi tulimvua Réal viatu kwa sababu hakuweza kuinama. Raundi ya pili tukakutana na Barrow Lake, na Jumapili ya Matawi mchana tukacheza mechi ya sita hapa nyumbani, tukiwa nyuma kwa ushindi wa mechi tatu kwa mbili. Tukifungwa, tumetoka.

Kipindi cha tatu, cha mwisho, mbili kwa mbili, beki wao alikipiga kisahani kutoka katikati ya uwanja. Hakulenga goli, Baba. Alikuwa anakitupa tu ili wenzake wabadilishane zamu. Kilikuja chini, polepole, hakuna mtu aliyekuwa amemkinga asikione. Réal alikiona. Nilimwona akikiona. Goti lake lilianza kwenda kulia, mwili ukakataa kulifuata, na kisahani kikapita katikati ya miguu yake. Katika watu elfu nne, mmoja juu kule akapiga kelele, "Gauvreau, umelala?" na wengine wakacheka. Hata nusu dakika haikupita, akajitupa kuzuia shuti jingine. Alilizuia. Lakini hakuinuka.

Kocha alinigeukia. Alinyoosha mkono tu kuelekea uwanjani. Nilicheza dakika kumi na tatu, nikazuia mashuti kumi na moja, sikufungwa hata moja. Tulipoteza tatu kwa mbili. Kesho yake gazeti likaandika yale uliyoyabandika ukutani: kijana huyu alifichwa wapi mwaka mzima?

Tangu siku hiyo mji mzima umekuwa chuo cha makipa. Mwandishi mmoja alichapisha orodha ya makipa wote wa ligi waliocheza zaidi ya mechi sitini, akaonyesha jinsi walivyofungwa ovyo mchujo ulipofika. Mwingine akamjibu kwamba kuna aliyecheza sabini na akanyanyua kikombe, na kwamba kipa akipumzishwa sana hushika kutu. Kwa kinyozi nusura watu wapigane. Mimi sijui mkweli ni nani katika hizo hesabu. Ninalojua ni kwamba mtu mmoja ninayemfahamu alichoka mbele ya macho yangu, siku baada ya siku, na kwamba kiti cha karibu zaidi naye kilikuwa changu.

Waandishi walimzunguka Kocha Stokke chumbani kwetu, tukiwa wote tunasikia. Walimuuliza kwa nini hakumpumzisha Réal wakati alikuwa na kipa mwingine mzima. Akajibu, "Kupanga kipa ni kazi yangu. Lawama ni yangu." Wakamuuliza kama hakuwa na imani na mimi. Akasema hana la kuongeza. Siku kumi baadaye mwenye timu akamfukuza. Ana miaka hamsini na nane, na hii ilikuwa kazi yake ya miaka kumi na moja.

Sasa, Baba, naomba ukae chini kama umesimama.

Stokke hakunificha. Aliniita mara tano. Mara ya kwanza ilikuwa Januari, siku ya Alhamisi. Aliniambia, "Jumamosi unacheza wewe, Réal apumzike." Nikamwambia nimevutika kinena. Baada ya siku kumi akaniita tena, nikasema kinena bado. Februari mara mbili, Machi mara moja. Kinena changu hakikuwa na kitu. Nilijilaza kwenye meza ya Wendell, mzee wa watu akanikanda kwa mafuta ya moto msuli mzima kabisa, nami nikawa ninakunja uso pale nilipokisia panatakiwa kuuma. Réal akiwa meza ya pili na barafu nyongani alinitania, "Mkulima, hicho kinena chako kimezeeka kuliko babu yangu." Nikacheka naye.

Nilikuwa naogopa. Unaikumbuka ile mechi ya Desemba kule Barrow Lake, niliyofungwa manane. Kwenye simu nilikuambia mabeki hawakunisaidia. Ukweli ni kwamba baada ya goli la nne sikuwa nakiona kisahani tena, nilikuwa nasikia watu tu. Walikuwa wakiimba uwanja mzima, "Mlango wazi, ingieni, mlango wazi." Tangu hapo, kila nilipofikiria kusimama golini peke yangu tangu mwanzo wa mechi, nilitapika. Zile dakika kumi na tatu niliziweza kwa sababu hakuna aliyenipa muda wa kufikiri. Nawe ulipokuwa ukiniuliza kwenye simu kwa nini sichezi, nilijibu kwamba umuulize Kocha. Sikusema uwongo wowote juu yake. Nilikuacha tu uutunge mwenyewe.

Nilikwenda nyumbani kwake wiki iliyopita. Yeye na mkewe walikuwa wakipakia masanduku garini. Nilimwambia nina jambo la kumweleza. Akaniuliza, "La kinena?" Akaniambia Wendell alimwarifu tangu Januari: msuli wa kijana huyu ni mzima kuliko wangu. Nilimuuliza kwa nini basi hakunilazimisha, au kuniumbua mbele ya wenzangu. Alikaa juu ya sanduku, akanijibu pole pole. "Ningekulazimisha ukafungwa manane mengine, ningekuwa nimekumaliza. Nikasema nitakungoja, siku moja utagonga mlango wangu mwenyewe. Na wakati nakungoja, nilimtumia Réal. Kwa hiyo niliyowaambia waandishi ni kweli tupu, kijana. Usije ukadhani nilikuwa nakusitiri wewe peke yako." Mkewe alinipa kikombe cha chai. Sikuweza kukimaliza.

Kutoka hapo nikaenda hospitali. Daktari amekwishamwambia Réal kuwa nyonga imekwisha, kwamba atatembea, lakini golini harudi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Aligeuka akatazama dirishani. Nilitaka anitukane. Kama angenirushia gilasi ya maji iliyokuwa pale kitandani, ningemshukuru. Mwishowe akaniuliza, "Ulikuwa unatapika kabla ya mechi au baada?" Nikasema kabla. Akatikisa kichwa. "Mimi nilitapika kabla ya mechi miaka minne, Mkulima. Miaka minne, kila mechi. Kuna namna ya kuyashinda. Ungeniambia tu, tulikuwa tunakaa kiti kimoja." Kisha akaniomba niondoke kabla Solange hajafika, kwa sababu yeye, alisema, hana moyo wa kumficha mkewe jambo, na hakutaka anikute pale siku atakapomwambia.

Baba, mwenye timu amenitaka niwe kipa wa kwanza mwakani. Nilimwambia ukweli, akasema mambo ya Stokke yamepita na nifunge mdomo. Sikukubali. Nimempelekea yule mwandishi wa ile habari yenye picha yangu maelezo yote, na Jumamosi yatatoka katika gazeti lile lile. Najua likitoka litafika na huko, na najua watakaolisoma ni wale wale unaokunywa nao kahawa. Aibu hiyo ni yangu, nami nimekubebesha mbele ya watu uliowaambia habari zangu kwa fahari. Nisamehe. Nilitaka uyasikie kwangu kwanza.

Nina ombi moja. Mwandikie Kocha Stokke. Barua yako ilisomwa mbele yake siku ile alipofukuzwa, na yeye hakuniambia hilo, niliambiwa na Wendell. Amehamia kwa dada yake huko Camrose, Alberta. Ukimwandikia kwa posta ya hapo itamfika. Usimwandikie kwa ajili yangu. Mwandikie kwa sababu wewe si mtu wa kumwacha mwingine na tusi lisilo lake.

Nitakuwa hapa hadi Solange atakapokubali nimsaidie kuhamisha vyombo vyao kurudi Quebec, au atakapokataa. Baada ya hapo nitakuja nyumbani tupande pamoja, ikiwa bado utapenda. Kama utahitaji siku nyingi kabla ya kunijibu, zichukue, Baba. Sitapiga simu kukuharakisha.

Msalimie Mama, na umsomee barua hii wewe mwenyewe, asiisikie dukani. Mpe Daria mkono wangu, mwambie asante kwa kuniandikia hata yale niliyokuwa sitaki kuyajua. Wasalimie pia wazee wa kahawa, wote kwa majina yao. Mungu awape mvua kwa wakati wake.

Mimi mwanao,
Myron Hrynkiw