Chupa Zilizorudi Kutoka Masimba

Onchari,

Bado nimekukasirikia. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda barua za kuzungukazunguka, na kwa sababu tangu tukuzike pale chini ya migomba sijapata mtu wa kugombana naye. Mwanao Kefa hagombani. Ananiambia tu, "Mzee Mgeni, pumzika," kama vile nimemwambia naumwa.

Chupa zimerudi. Kwanza kreti mbili kutoka Masimba, kisha shehena nzima kutoka lile duka kubwa la Kisii lililokuwa likituweka rafu ya mbele. Pombe yetu ya ndizi inatoka hapa Keroka ikiwa safi kabisa. Ikilala kwenye friji yao usiku mmoja, asubuhi ni kama maji yaliyooshewa mchele. Mwenye duka wa Masimba aliniinulia chupa usoni mbele ya wateja: "Mzee, hii mmekorogea unga? Hata chang'aa ya mtoni haina ukungu hivi!" Watu wakacheka. Chang'aa, pombe ya magendo, Onchari! Wewe uliyezeeka ukiifuatilia leseni ofisi kwa ofisi ili neno hilo lisikaribie jina lako.

Sisemi Kefa ni mjinga. Alileta pampu ya umeme, akaleta chujio jipya la chuma linalong'aa, akaleta na fundi kutoka Nairobi aliyevaa glovu nyeupe. Lile sanduku letu la kuchujia kwa karatasi wakalitupa stoo, pamoja na mashine ya kujazia yenye midomo minne, ule wa tatu ukiwa bado umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Kazi iliyotuchukua kutwa nzima sasa inachukua saa moja. Na jambo la kwanza alilofuta Kefa lilikuwa Sabato yako ya Jumamosi. "Mtambo hauendi kanisani, Mzee Mgeni," aliniambia. Basi pombe inazimuliwa kwa maji asubuhi, saa nane inachujwa, jioni imo kwenye katoni, siku yoyote ya wiki.

Ukungu ulipoanza, fundi alilaumu maji. Wakabadilisha maji. Akalaumu chupa. Wakaziosha upya. Mwisho akanigeukia mimi. Hakusema nami, alimwuliza Kefa nikiwa nimesimama palepale: "Huyu mzee anaona vizuri kweli?"

Mimi! Mimi niliyekuwa nikizisoma chupa zako zote, moja moja, dirishani. Unakumbuka jinsi ulivyonifundisha. Ulikiweka kile kitabu chako cha nyimbo za Ekegusii nyuma ya chupa, ukasema, "Soma." Nikiweza kusoma ubeti mzima, chupa inapita. Nikikwama kwenye herufi moja, inarudi tangini. Nilifika kwako na redio na sanduku la vitabu, nyumba yetu kule Bonde la Ufa ikiwa imechomwa, sijui neno la Ekegusii hata moja. Ulinipa chumba nyuma ya stoo ukasema nikae mpaka kutulie. Kiswahili ndicho kilichokuwa kati yetu. Ekegusii nilichonacho nilikisoma kupitia pombe, herufi zikiwa zimevimba. Watoto waliozaliwa nikiwa hapa wana watoto sasa, na wote wananiita Mgeni. Na bado anakuja mtu wa juzi kuuliza kama naona.

Fundi akatia makaa ya kuchujia. Ukungu ukapungua, lakini harufu ya zile ndizi mbivu za Marani nayo ikaondoka yote. Nilionja nikatema. Ilikuwa dawa ya kidonda. Nilimwambia Kefa hivyo, naye akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi, kwamba amechoka, anaifunga kazi, na kwamba amempata mtu wa vyuma vikuukuu. Angekuja Jumatatu kuukatakata mtambo wa shaba wa kukenekea pombe.

Mtambo wako. Mkeo Kwamboka aliingia na ndimu na majivu akausugua, taratibu, kila pembe, vile mjane anavyoosha maiti. Nilishindwa kutazama nikatoka nje.

Ijumaa hiyo walikuwa wamekwisha kuzimua pombe ya mwisho umeme ulipopotea. Pampu ikanyamaza. Kefa akaenda harusini Nyamira, akasema ibaki tu, itamwagwa. Umeme haukurudi Jumamosi. Unaijua baridi ya chumba kile cha mawe, jua haligusi ukuta wake.

Jumapili asubuhi niliingia kumwaga. Nikamulika tangi kwa tochi. Chini kabisa kulikuwa na utando mweupe, umelala kama ngozi ya maziwa. Juu yake sikuona kitu. Nikadhani tangi ni tupu, mpaka nilipotia kidole.

Sikumwaga. Nililitoa sanduku letu la karatasi stoo, nikafungua koki ya juu, nikaiacha ipite yenyewe bila pampu, tone kwa tone. Nikajaza chupa moja nikaiweka kwenye friji ya Kwamboka, kando ya ile iliyorudi Masimba. Umeme ulirudi mchana. Nami nikakaa nje ya mlango wa jikoni na gazeti nisilolisoma.

Hapo ndipo nilipokukasirikia. Nilikumbuka ile Jumamosi ya kabla ya Krismasi, tulipokuwa na oda kubwa. Wewe ulikuwa umeketi kwenye nyasi chini ya dirisha la kanisa, kama kila Sabato tangu walipolifuta jina lako kitabuni kwa sababu ya kazi hii. Uliimba nao kutoka nje, nao walijifanya hawasikii. Mazishini walikuja wakaomba dua fupi kuliko ya kubariki chai, kisha wakala wali. Sijawasamehe na sikuombi ruhusa.

Jumamosi ile nilifungua koki bila kukuambia, nikachuja, nikajaza. Oda nzima ilipata ukungu. Wewe ukaitazama chupa, ukanitazama mimi, ukasema, "Umeona?" Basi. Ulidhani ni Mungu. Mimi nilidhani ni chupa chafu, nikaziosha upya zote kwa hasira. Baada ya hapo tuligombana kila Ijumaa kwa miaka, mimi nikisema unatupotezea siku mbili, wewe ukifunga koki pombe ikishazimuliwa na kutia ufunguo mfukoni, na hakuna kati yetu aliyeinama kutazama chini ndani ya tangi!

Ni mafuta ya ndizi, Onchari. Hayohayo yenye harufu. Ukizimua kwa maji yanajitenga, ila hayaonekani pombe ikiwa na joto. Yakipewa baridi na muda yanashikana na kuzama, na yanayobaki yananaswa na karatasi. Ukichuja haraka yanapenya, yakikutana na friji yanajionyesha. Nilisoma vitabu maisha yangu yote, na jambo hili lilikuwa mbele yangu kila wiki likiitwa Sabato.

Jumatatu mtu wa vyuma alikuja na pikipiki yake na msumeno. Nilimwambia asubiri kwanza. Nikazitoa chupa mbili kwenye friji, nikazifuta, nikamwita Kefa dirishani. Ile ya Masimba nikaiwekea kitabu chako nyuma. "Soma." Akasema haoni kitu. Nikaiweka nyingine. "Soma." Akaanza kusoma kwa sauti, ubeti ule uliokuwa ukiupenda, kisha katikati ya mstari akainyakua chupa. Akaifungua, akainusa muda mrefu.

"Umeichuja na nini?"

"Na Sabato ya babako."

Nilimweleza yote, hata ule utando nikamwonyesha. Yule wa vyuma akauliza, "Sasa wazee, nakata ama nisikate?" Kwamboka alimjibu kutoka jikoni kwa Ekegusii. Sitaandika aliyoyasema, lakini nilielewa kila neno. Pikipiki iliondoka na msumeno wake.

Maduka hayajarudi bado. Wa Masimba amekubali kreti moja, na amesema nayo italala kwenye friji kwanza. Sawa, ailaze. Fundi amepigiwa simu akaelezwa habari ya mafuta. Kefa ameniachia ufunguo wa koki.

Sitakuwa muumini wa kanisa lako, ulilijua hilo, na baada ya ule wali ndiyo kabisa. Lakini nakuahidi: maadamu miguu yangu inafika chumba kile, hakuna mtu atakayegusa tangi kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumapili asubuhi. Na Jumamosi nitakwenda kuketi pale kwenye nyasi chini ya dirisha lao. Sitaimba. Nataka tu pasibaki patupu.

Kwaheri, rafiki yangu. Ningeandika zaidi, lakini leo ni Ijumaa na jua limekwisha kufika kwenye migomba. Koki bado iko wazi.

Mgeni wako