Hitilafu Sifuri

Mwenzangu, leo huu mdomo nusura uniponze!

Bosi katukusanya karakana nzima ya ushonaji, kashika ile tableti ya kuripoti mashine mbovu. Anatamba: "Miezi mitatu, hitilafu sifuri!"

Nikacheka. Kwa sauti. Peke yangu!!

"Wewe, unacheka nini?"

Nikaropoka: "Bosi, mashine namba nne tumeifunga kwa kamba ya kiatu. Nani aripoti, wakati kila anayeripoti unamfokea, 'Umeharibu nini tena?'"

Nikajua kazi sina.

Unajua alifanya nini? Akaketi, akaandika kwa kidole kimoja, kisha akatusomea: "Kiti cha ofisini kimevunjika mguu. Nimekivunja mwenyewe, nikakiegemeza ukutani."

Kiti chake mwenyewe, jamani! Mama anayeshona vifungo alicheka mpaka machozi.

Kufika saa kumi, ripoti arobaini na moja. Kwenye tableti ileile iliyokuwa inakula vumbi!

Ya mwisho kaandika mzee wetu wa kukata vitambaa: "Mashine namba nne itengenezwe haraka. Ile kamba ni ya kiatu changu. Mwezi wa tatu huu natembea naburuta mguu."