Lori la Jeshi Halirudi Nyuma

Jumatatu, 3 Juni

Dereva wa kunifikia mimi hajazaliwa, na mama yake ameshafunga kizazi! Leo Mjomba kakubali mwenyewe. Jicho lake la kulia limeingia ukungu, daktari kamkataza usukani. Kabaki nani? Mimi. Pikapu kaiuza. Keshokutwa tunakwenda kambini, jeshi linauza magari yake ya zamani, yeye anataka lori la kubebea mawe. Kazi ya machimboni kaahidiwa, inaanza Jumatatu ijayo. Tukipata gari zima, usukani wangu. Tukikosa, narudi bandani kwa shangazi kuokota mayai. Sikuacha shule kidato cha pili ili nikaokote mayai!

Jumatano, 5 Juni

Nimemwona mchumba. Kijani, pua kama mamba, tairi zinanifika kifuani. Juu ya kiti kuna tundu la kutokezea askari na bunduki yake. Nikatokeza. Askari wa zamu akanifokea nishuke, hapa si bembea. Kuanzia leo watu waniite Komando.

Fundi Kipara akaingia uvunguni. Huyu na Mjomba ni marafiki tangu hawajaota ndevu. Katoka kipara chote grisi: injini safi, ekseli safi. Dogo, lizungushe, nenda mbele kisha urudi nyuma. Akainama kufuta mikono.

Mbele likaenda kama bibi harusi. Nyuma — krrrr! Gia haiingii. Nikasukuma, nikavuta, nikaomba dua. Krrrr. Wanunuzi wengine wanacheka. Nikayaona mayai, trei kwa trei. Basi nikakata kona, nikauzunguka mlingoti wa bendera, nikarudi pale pale nilipoanza, nikashuka kama rubani. Mjomba akapiga makofi.

Kanunua!

Gia itaingia yenyewe ikipata moto. Halafu, jeshi gani linarudi nyuma?

Ijumaa, 7 Juni

Tuko njiani. Gia imepata moto. Injini imepata moto. Mimi ndiye niliyepata moto zaidi. Rivasi hakuna.

Sasa kila nikitaka kusimama nawaza nitatokaje. Mjomba anasema ingiza pale kivulini. Pale mbele pana ukuta! Nikamwambia kivuli kinaharibu rangi. Akaniangalia kwa lile jicho zima. Kwenye sheli basi likatuzibia kwa mbele, nikakaa natabasamu kama mjinga mpaka dereva wake alipomaliza kujisaidia. Chai je? Nimepita hoteli moja, ya pili, ya tatu, zote hazina pa kutokea.

"Mpwa wangu," anauliza, "hili gari tumeliiba?"

Mwishowe tumekula ndizi barabarani, injini inanguruma. Akalala. Usingizini anacheka. Anaota mawe yake, nadhani. Nilikuwa na nafasi ya kumwamsha nikamwambia. Badala yake nikapigia mbuzi honi.

Jumamosi, 8 Juni

Kwetu gari huingia kinyumenyume. Uchochoro mwembamba, unateremka, na uani hapana pa kugeuzia. Kwa hiyo tangu enzi za babu unatanguliza matako, asubuhi unatoka na pua. Hata kuku wanajua, wakisikia gari wanatazama nyuma yake.

Mjomba akashuka, akasimama uchochoroni. Majirani wamejaa. Mama yuko uani, vigelegele tayari mdomoni.

"Haya, kuja! Kuja! Kata kulia! Kuja!"

Sikuja. Nikatoa kichwa dirishani. "Hili linaingia kwa mbele, Mjomba. Kijeshi!"

"Usinitie wazimu mbele za watu. Geuza."

Nikageuza, ndiyo. Nikazunguka mtaa mzima, nikaja na pua. Mjomba akaruka pembeni. Gia ya kwanza, mteremko, moyo kwapani — kraaa! Kushoto ukuta wa jiko letu. Kulia ukuta wa choo cha jirani. Milango haifunguki hata upana wa kidole. Nikajaribu nyuma, watu wote wanatazama.

Krrrr.

Vigelegele Mama kavimeza.

Jumapili, 9 Juni

Bado nimo. Kutoka naweza, tundu la juu lipo na mwili wangu mwembamba. Lakini nikitoka nitaanguka mikononi mwa nani?

Atakaye kuingia kwetu anapita uvunguni. Mama kapita na ndoo ya maji, akafika chini yangu akagonga chuma: "Wewe Komando, umekula?" Ukuta wa jirani umepata ufa. Akiingia chooni tunaonana. Tunasalimiana, tufanyeje?

Mjomba hakunigombeza. Hata kidogo! Kapanda nyuma, kaja juu ya paa, kaniinamia tunduni. Pole mwanangu, si kosa lako, wewe umejitahidi. Ningependa anizabe kofi.

Kisha kamwita Fundi. Nyuma kule nimesikia kila neno.

"Maisha yangu yote nakuita ndugu. Ndugu gani ananinunulisha jeneza?"

Fundi hakubisha. Kasema labda amezeeka. Labda siku hizi anasikia anachotaka kusikia. Akauweka mfuko wa spana miguuni kwa Mjomba: chukua, sistahili kuushika tena. Mjomba kaupiga teke. Kaenda zake nje barabarani, anatafuta nani atamwambia mwenye machimbo kwamba kesho haji.

Fundi kaokota spana zake moja moja. Sasa yuko uvunguni, chini ya kiti changu hasa. Anagonga kidogo. Kaniuliza polepole, kama mtu anayeuliza njia:

"Dogo, pale kambini nilipokuuliza kama nyuma inaingia, ulinijibu nini? Maana naona nimeanza kusahau mambo."

Hajasahau. Hilo swali sikuliandika Jumatano. Aliniuliza niliposhuka, mkono wake begani kwangu, nami nikamwambia inaingia, tena kama kidole kwenye asali. Gia ilikuwa mbovu kabla yetu. Kilichoharibika ni mzee wa watu, na nimemharibu mimi.

Anagonga tena. Anangoja.