Pointi ya Katikati Iliyoanguka Inje ya Mustari

Masisi, 12 Mei 1968

Mupendwa Mama Mushauri, naomba msaada, na ninaomba usichapishe jina langu, maana nasikia haya hata mbele ya hii karatasi.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, wanafunzi wangu wataandika egzameni ya Leta, ile ya serikali, mwezi wa sita, na mule kuna ulizo moja haikosekani: wanakupa pointi mbili, A na B, unatafuta pointi ya katikati, unachagua jibu moja kati ya tano. Mimi niliwafundisha kutoa namba za A katika namba za B, kisha kugawanya kwa mbili, na mifano yangu yote ilianzia kwenye zero, kwa hiyo jibu lilitoka sawa, hata siku moja sikushituka.

Wiki tatu zimepita niliandika A (2, 3) na B (8, 7), nikapata (3, 2), na Généreuse, binti wa Papa Nzabandora wa Bihambwe, akainua mukono: «Mwalimu, hiyo pointi iko inje ya mustari. Tukijumulisha, kisha tugawanye kwa mbili, njo tunapata (5, 5).» Wenzake wakacheka, damu ikanipanda kichwani, nikamwambia, «Wewe njo mwalimu?» nikamupigisha magoti mbele ya ubao mpaka kengele, na kesho yake hakurudi.

Siku ile ile nilipima na rula nyumbani. Alisema kweli. Sikumwambia muntu. Kisha Papa Nzabandora akakuja kwangu na bidoni ya maziwa, akavua kofia: «Mwalimu, mutoto alikosa heshima. Nimemubakiza nyumbani mpaka utamusamehe.» Mama, nilipokea maziwa. Nikamujibu, «Nitafikiri.» Adelaïde, bibi niliyeoa, akakunywa, akasema ni tamu, mimi nikamusogezea na kikombe changu.

Je, siwezi kusahihisha wengine pole pole, bila kusema kosa ni langu? Wataniheshimu tena namna gani?

Mwalimu mwenye haya

JIBU

Mwalimu, nakuhurumia, lakini kidogo tu. Kukosea hesabu, kila muntu anakosea. Lakini muzee alivua kofia mbele yako akuombe musamaha ya kosa lako mwenyewe, nawe ukajibu «Nitafikiri»! Unafikiri nini? Mutoto anapoteza masomo, na darasa nzima wanabeba kanuni ya uongo katika kaye zao za kuandikia.

Ukipata barua hii, panda Bihambwe kwa miguu yako, usitume muntu. Mbele ya baba yake sema: «Généreuse alisema kweli, mimi nilimuonea.» Ishia hapo, usitafute sababu. Kisha darasani chora A na B, umupe chaki, wewe ukae kwenye banki ya wanafunzi pamoja na wengine.

Wasomaji, gazeti yetu inatoka mara moja kwa mwezi, kwa hiyo nilimutumia mwalimu jibu hili kwa posta mbele ya kulichapisha. Alienda. Ameturuhusu kuchapisha, na ameniandikia kwamba Papa Nzabandora alimugeukia binti yake, akamwambia, «Chukua kaye zako.» Darasani hakuna aliyecheka. Ila Généreuse, chaki ingali mukononi, akauliza: «Mwalimu, na wale walioandika egzameni mwaka jana?»

Mwalimu anasema walikuwa sita, wote aliwafundisha kanuni ile ile, na mumoja alianguka egzameni; ananiuliza amujibu nini. Jibu langu ni hili: Mwalimu, wale sita unawajua majina. Watafute, mumoja mumoja, uwaambie. Anza na yule aliyeanguka.